Kalondu, Dada Ambaye Hakuna Aliyemtaja

Naitwa Mwende. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mume, mtoto mmoja na shamba la maharagwe huku Nunguni. Kidato cha nne nilimaliza. Nasema hivyo ili mtu asidhani niliugua kwa ujinga.

Nilipojifungua mtoto wa pili, miguu ilivimba. Ukiibonyeza, shimo linabaki. Mkojo ukawa na povu, halafu ukapungua hadi matone. Kwenye zahanati waliniambia, "Mama, ni uchovu wa kunyonyesha. Pumzika." Kupumzika! Miezi mingi nilirudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, na hadi leo hasira hazijanitoka. Nilipoanza kutapika kila chakula na kujikuna mpaka damu, mume wangu alinipeleka Nairobi. Figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Nikawa wa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiyezungusha maneno. "Unahitaji figo ya ndugu," akasema. "Afadhali wa baba mmoja, mama mmoja. Anza na huyo."

Hapo ndipo tulipokosea. Mama yangu aliolewa na mwanamke. Kwetu Ukambani si ajabu: Susu, yaani nyanya yetu, hakuzaa, akamwoa mama ili azae na wanaume wa nje, boma lipate watoto. Sote watano ni watoto wa boma la Susu, basi. Kuuliza nani alizaliwa na mwanamume yupi ni matusi. Kwa hivyo tulichagua kwa sura! Kaka yangu Musyoka ana pua yangu na kichwa changu kikubwa, akaenda yeye. Dada yangu Kalondu ni mrefu, mweusi, mdomo kama wembe. Hakuna aliyemtaja. Hata mimi.

Damu ya Musyoka na yangu zilipelekwa ng'ambo kwa ndege mara mbili zikalinganishwe. Mara zote mbili jibu lilikuwa moja: chembe za damu zimefia njiani, hazisomeki. Nilikuwa nimebaki mifupa. Mtoto ananililia, maziwa hakuna.

"Kuna kipimo kipya," daktari akaniambia. "Cha zamani kilitaka chembe zilizo hai. Hiki kinasoma DNA, yale maagizo ya mwili tunayorithi nusu kwa mama, nusu kwa baba. Hata chembe ikifa, maagizo yanasomeka."

Yakasomeka. Mimi na Musyoka hatulingani. Daktari akaniuliza, "Baba ni mmoja, una hakika?"

Nilifika nyumbani nikamlipukia mama mbele ya wote. "Mwaitu, mama, mnaniua kwa heshima zenu!"

Mama alinivua viatu, akaanza kunisugua miguu, polepole, kama mtu anayeosha mtoto mchanga. Machozi yake yakanidondokea magotini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kalondu. Ni wewe na Kalondu tu."

Kalondu alikuwa amesimama mlangoni. "Mlikuwa mnangoja nini, mazishi?" akauliza. "Twendeni wanichome hiyo sindano."

Alama zote za DNA zililingana. Zote!

Nilipozinduka baada ya upasuaji, mshono uliwaka kama moto, lakini mfuko kando ya kitanda ulikuwa unajaa mkojo safi. Nililia. Kalondu, kitanda cha pili, akageuza kichwa. "Nyamaza, unanitikisia kidonda. Na ukojoe kwa adabu, hiyo figo ni yangu."

Sasa ni mwaka wa tatu. Nameza dawa asubuhi na jioni, sikosi hata siku moja. Wewe unayevimba miguu, usitoke zahanati kabla mkojo haujapimwa. Wakikufukuza, kaa hapo hapo. Na nyinyi akina mama wenye siri kama ya mama yangu, sisemi mkaitangaze sokoni. Mwambieni daktari, mlango ukiwa umefungwa. Itatosha.

Mungu namshukuru kila siku. Mama namshukuru, nimemwomba radhi. Kalondu ndiye hataki. Nikianza tu kusema asante, ananifukuza jikoni kwake: "Nenda ukalee watoto wako. Nilikupa figo kwa kazi hiyo."