Nusu ya Mibuni

Wanunuzi binafsi walipoanza kuja Itaka na magari yao, bei ya kahawa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, mpaka watu wakachoka kubahatisha. Wengi waling'oa mibuni wakapanda mahindi, kwa kuwa mahindi hayakosi mnunuzi Tunduma.

Shamba letu tuliachiwa na marehemu baba yangu. Mibuni yake ilikuwa imezeeka, imerefuka, mikavu chini, na punje chache zilikaa juu kabisa. Mke wangu alitaka tuing'oe. Mimi nilitaka tuikate yote ibaki visiki vya kufika magotini, ichipue upya. Lakini hapo tungekaa misimu miwili bila kahawa, na watoto walikuwa wengi.

"Baba, Mungu anatulisha," alisema mke wangu, "ila hajawahi kutuletea unga mlangoni."

Nilikuwa mzee wa kanisa, nimepita shule ya Biblia, nikasema tuombe kwanza. Tuliomba pamoja. Asubuhi akasema yeye, "Kata nusu. Nusu itulishe, na katikati ya visiki nitapanda maharage."

Tulikata baada ya mavuno, mkato ukilala upande mmoja ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki. Kaka wa mke wangu, aliyekuwa ameng'oa mibuni yake yote, alisimama njiani akacheka.

"Shemeji, mwaka huu unavuna kuni?"

"Kuni nazo zinauzwa," dada yake akamjibu. "Wewe pita, unatuzibia jua."

Mvua zilipokuja, kila kisiki kilitoa machipukizi mengi. Hapo ndipo wengi hukosea: huyaonea huruma, wakayaacha yote, na mti ukawa kichaka kisichozaa. Mke wangu aliyang'oa kwa vidole, akabakiza mawili matatu yaliyosimama mbalimbali. Yaliyotupwa yalikuwa na afya sawa na yaliyobaki. Mimi nilishindwa kutazama, nikaenda kupalilia.

Miaka ile ilikuwa migumu. Tulikula maharage mpaka watoto wakauliza kama ni amri ya kanisa. Kisha, msimu wa tatu, matawi yaliinama kwa uzito, na watoto wakachuma wamesimama chini. Shemeji naye alikuja na kikapu kutusaidia. Alichuma mstari mzima, na mke wangu, kwa rehema, hakumkumbusha zile kuni.

Tulipomaliza, nilimshukuru Mungu kwa maombi marefu. Mke wangu aliitikia amina, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Sasa ile nusu nyingine."

Safari hiyo mimi ndiye niliyeogopa, maana nusu ile ndiyo iliyotuvusha. Nilimtazama mwanamke huyu aliyetaka kung'oa shamba zima, nikajivunia yeye kuliko kahawa yote iliyokuwa uani. Kesho yake tulianzia mstari wa juu, yeye ameshika mti, mimi nakata.