Mafundi Arobaini Waliosema Biashara Ni Nzuri

Saa mbili asubuhi, kabla wateja hawajajaa mlangoni, anapaka gundi kwenye mgongo wa tasnifu ya mtu mwingine. Anaibana kwenye mashine, anasubiri ishike, kisha anaitoa na kuipitishia kiganja taratibu. Herufi za dhahabu juu ya jalada zinasema Shahada ya Uzamili ya Uchumi. Jina lililo chini yake ni la mwanafunzi mwenzake.

"Wote nilianza nao," anasema akiiweka kando. "Nimewajalidia mmoja mmoja, na bei nikawapunguzia."

Yake haimo.

Katika duka hili la fotokopi, mkabala na lango la chuo, mwanamke huyu anaitwa Profesa. Jina hilo la utani alipewa na mafundi cherehani wa mtaa anaoshonea dada yake, alipoanza masomo ya jioni akiwa na miaka thelathini na minne. Mshahara wa dukani unatosha kodi ya chumba na nauli. Nusu ya karo imekuwa ikitoka kwa dada huyo, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki.

Ulipofika wakati wa utafiti, hakwenda mbali. Alitaka kujua nguo za madukani, zinazouzwa bei ya kutupa, zimewafanya nini mafundi wanaoshona kwa oda. Akachukua dodoso lake, akaenda mtaani kwa dada kuhoji mafundi arobaini.

Walimpokea kama bibi harusi. Huyu anamvutia kiti, yule anamtuma mtu soda. Thelathini na wanane wakamwambia biashara ni nzuri. Wawili waliobaki wakasema ni nzuri sana.

"Nikafurahi, wee!" anasema. "Nikaandika sura nzima kueleza jinsi walivyoshinda ushindani. Na nadharia juu, tena ndefu."

Msimamizi wake, mama asiyependa maneno mengi, alimrudishia sura hiyo na swali moja: "Hawa mafundi wako wanaishi nchi gani, na mimi nihamie?" Profesa alinuna. Aliona mwalimu anawadharau watu wake.

Kisha ikaja Ijumaa moja alipopita kwa dada ampunguzie sketi kiunoni. Siku hiyo hakuwa na karatasi wala kalamu. Alimkuta dada kwenye ukingo wa meza ya fundi jirani, akimshonea vifungo kwa mkono kwa malipo ya kila nguo.

"Dada, cherehani yako iko wapi?"

"Niliiuza."

"Lini?"

"Zamani. Kabla hujaja na maswali yako."

Siku ya mahojiano, dada alikuwa ameketi nyuma ya cherehani ya kuazima, ya jirani huyohuyo. Mdogo wake akaandika: cherehani moja, hali nzuri.

"Ile ya dada naijua tangu utotoni, mimi ndiye nilikuwa naitia mafuta," anasema. "Mbele yangu imewekwa nyingine, hata rangi si ile, sikuiona. Nilikuwa nimeinamia dodoso, natia alama kwenye visanduku."

Mganga hajigangi. Mwanamke aliyekesha akisoma habari za kipato cha kaya hakujua kwamba kaya iliyomlea inaishi kwa vifungo.

Dada mtu, ukimuuliza, hajioni mkosaji hata kidogo. "Tulikubaliana mtaa mzima tusimwangushe," anasema. "Mtoto wetu yuko kwenye mtihani, sisi tukamjazie karatasi habari za njaa? Tulidhani jibu zuri ndilo lenye alama."

Profesa angeweza kuikabidhi kazi ile, akavaa joho na wenzake. Majibu alikuwa nayo, na saini za wahojiwa. Badala yake alikwenda kwa msimamizi, akamweleza yote huku akilia, akaomba mwaka mwingine.

"Mwaka haunisumbui," anasema. "Ninachojuta ni kwamba dada yangu alikuwa na shida, na mimi nikamfuata na makaratasi. Ningemuuliza kama mdogo wake, labda angesema. Na karo aliyonipa baada ya kuuza mashine aliitoa wapi? Mpaka leo naogopa kuuliza."

Amerudi mtaani kuanza upya. Safari hii hakai mbele ya mtu na kalamu. Anashinda nao, anawapindia pindo, anawashikia kitambaa kikikatwa. Wa kwanza kufunguka alikuwa fundi wa suruali, aliyekiri kwamba kwa wiki anapata wateja watatu, nao wanaleta nguo za dukani kupunguza urefu tu. "Mficha uchi hazai, Profesa," alimwambia. "Andika." Wengine wakafuata, kwa kicheko cha aibu.

Anataraji kuikabidhi tasnifu mwakani. Mafundi thelathini na tisa ameshapata ukweli wao, amebaki mmoja. Kila Jumamosi mchana anavuta kigoda, anaketi kando ya dada yake, na wote wawili wanashona vifungo.

"Juzi nimemuuliza tena, dada, biashara vipi?" anasema. "Akakata uzi kwa meno. Akaniambia, 'Nzuri tu, mdogo wangu. Wewe soma.'"