Maji ya Mtoto na Miche ya Tumbaku

Nakumbuka mchana mmoja wa mwezi wa kumi, mwanangu, nimesimama kati ya vitalu vya tumbaku kule Lusewa, kopo la kumwagilia mkononi, wala sijui nifanye nini. Antoni, huyo huyo mumeo, alikuwa na miezi mitatu. Alikuwa analia chini ya kivuli cha banda, na jua la kule kabla ya mvua unalijua lilivyo. Juzi uliponiuliza hapa nyumbani Majengo kama mjukuu wangu Kristina sasa apewe maji, nilikujibu "tutaona," kisha nikajifanya natafuta kitu jikoni. Sikuwa natafuta kitu. Niliikumbuka siku hiyo nikaona aibu.

Mama mkwe wangu, Mungu ampe pumziko, alikuwa mtu mwema, na ulezi wote nilijifunza kwake. Alikuwa amezaa saba, akakuza watano. Aliamini, kama walivyoamini wanawake wote wa pale, kwamba mama akishinda juani maziwa yake yanapata moto, na mtoto akiyanyonya tumbo linavurugika. Kwa hiyo mtoto apewe maji kwanza, apoe, ndipo anyonye. Siku hiyo alinitazama ninavyomwagilia, akasema, "Miche ya tumbaku tunainywesha asubuhi na jioni. Mtoto wa mtu ndiye akae na kiu?"

Neno lile likaniingia. Hata wewe lingekuingia, usinicheke. Mche uliokosa maji siku mbili nilikuwa nimeuona ulivyo, na mwanangu alikuwa analia mbele yangu.

Lakini wiki hiyo hiyo nesi wa zahanati alikuwa ametuambia kwamba maziwa ya mama yana maji ya kutosha ndani yake, na kwamba mtoto mchanga hahitaji hata tone lingine, joto liwe kali namna gani. Siku zile walisema tungoje miezi minne mpaka sita. Siku hizi wanasema sita kamili, na hilo nalo lilinichanganya nilipolisikia. Sasa nimsikilize nani? Mmoja amekuza watano, mwingine amesoma lakini hajashika hata mimba. Nililala nikimwamini nesi, nikaamka nikimwamini mama mkwe.

Basi nikaamua kuwaridhisha wote wawili. Mama mkwe akiwepo, Antoni alipata vijiko vyake vya maji. Nikienda kliniki, nilisema hajaonja kitu ila ziwa. Nilijiona mjanja kweli, kumbe mshika mbili moja humponyoka. Na maji yenyewe, mwanangu, yalikuwa yale yale ya kisima cha bondeni tuliyomwagilia miche. Yalikuwa meupe, ukiyatazama unaona mpaka chini ya ndoo, nasi tukayahesabu kuwa safi.

Haikupita wiki mbili mtoto akaanza kuharisha. Mama mkwe akasema ni lile joto la maziwa, nimwongeze maji. Nikamwongeza. Siku ya tatu macho yalikuwa yamezama, utosi umebonyea, na kilio chake kimekuwa kidogo hata nikatamani kile cha vitaluni. Hapo niliogopa hasa. Tukambeba mpaka zahanati, mimi na mama mkwe.

Nesi akaniuliza mtoto anakula nini. Nikasema ananyonya tu. Akauliza tena, nikarudia. Akauliza mara ya tatu huku akimpapasa tumbo, na nikaona naye amechanganyikiwa, maana hakuelewa uharo ule umetoka wapi. Mimi nikainamisha uso. Ni mama mkwe aliyesema, "Tumempa maji ya kisima, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwambia ampe."

Nesi hakumgombeza yule mzee. Alinigeukia mimi. "Kumpa maji ulikosea kwa kumheshimu mzee, hilo nakusamehe. Kunificha huku mtoto anaisha, hilo umelifanya unajua."

Maneno hayo bado yananichoma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi karibu nimfiche mwanangu mpaka kaburini, kwa kuogopa kuonekana mbishi huku na mjinga kule. Alitibiwa siku tatu, nami nikinyonyesha karibu kila dakika, mpaka macho yake yakarudi.

 Njiani kurudi nyumbani mama mkwe akasema, kama anayesema na barabara, "Wale wawili wangu nao niliwapa maji."  Nilimpa Antoni ambebe, akambeba mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo, mwanamke yeyote aliyekuja na kikombe cha maji alitimuliwa na yeye mwenyewe.

Ungedhani nimepata akili. Wapi! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Antoni alipotimiza miezi sita na kuanza uji, mimi nikakataa maji kabisa. Mtoto akapata choo kigumu, analia akijikamua, nami nimesimama tu nikijisifu kwamba sikumpa hata tone. Nesi aliposikia alicheka mpaka akakaa. Akanieleza kwamba wakati wa maji sasa umefika.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu la juzi ni hili. Kristina ana miezi minne. Usimpe maji, hata kijiko, hata jua likiwaka vipi, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Akilia, mnyonyeshe, maji unywe wewe. Akifika miezi sita na kuanza kula, mpe maji uliyoyachemsha yakatokota, ukayafunika yakapoa, kwa kikombe kisafi, mafunda machache pamoja na chakula, na kunyonya kuendelee. Chupa achana nayo, kuiosha ni kazi. Ukiwa umeshakosea, sema kliniki siku hiyo hiyo, wala usingoje uulizwe mara tatu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kilio kile sikutakii.

Na mimi nazeeka. Siku ukiniona nimeshika kijiko, nimelainisha sauti nikikuambia umpe kidogo tu kwa sababu ya joto, ninyang'anye kijiko. Usione haya kwamba mimi ni mkweo. Mimi niliona haya, na unajua haya yangu nusura yakukoseshe mume.

Mungu amkuze Kristina, akujaze maziwa na subira. Na wote atakaokujalia kuwazaa, akujalie kuwakuza, asipungue hata mmoja.