Gemu ya Manguo na Koti la Baba

Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa nane. Asubuhi kulikuwa na jua, na kuanzia saa nane ikaja mvua yetu ya kila siku, ile inayofika kama mtu aliyeahidi. Niliwahi kuanua nguo zote isipokuwa koti moja lililokuwa nyuma ya nyumba, nalo likalowa. Nimelitundika kwenye kiti karibu na jiko na sasa linatoa mvuke na harufu yake ya zamani: sufu mbichi, moshi wa kuni, na ndani kabisa, kama mtu anayenong'ona, molasi.

Kijana wangu amekaa papo hapo na simu, ananisomea maneno ya watu wanaobishania gemu fulani mpya. Mmoja anasema haijawahi kutokea nzuri kama hiyo. Mwingine anasema aliyeitengeneza afungwe. Nilicheka, halafu nikageuka kulitazama koti, kwa sababu sisi pia tuligombana hivyo, na ugomvi wetu na koti hili havitengani kichwani mwangu. Nitaandika nilivyoona. Niliishia darasa la nane, na siku hizo nilikuwa mtoto. Anayekumbuka tofauti na mimi huenda ndiye anayekumbuka sawa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa hapa Lurambi. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari upande wa Kabras, kwenye matangi ya molasi, na koti hili alilivaa mvua ikinyesha na jua likiwaka. Tulimjua kwa koti kabla ya kumjua kwa uso. Likichomoza tu kule mwisho wa miwa ya jirani, Mama aliinjika maji ya obusuma, na Baba akifika mlangoni ugali ulikuwa unasongwa.

Gemu tuliletewa Krismasi na mjomba wetu wa Nairobi: kisanduku cha plastiki, vishikio viwili vyenye waya, na kaseti moja. Zingekuwa mbili nafikiri tungekuwa na amani, maana asiyependa hii angecheza ile. TV yetu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya lori ambayo kaka yangu Benja na binamu yetu Ayub waliisukuma kwa wilbaro hadi kwenye kinu cha posho ikachajiwe. Ayub alikuwa mtoto wa Senje Rael, dada yake Baba. Boma lao na letu yalitenganishwa na ua wa miti tu, na ua wenyewe ulikuwa na tundu la kupitia watoto na kuku.

Ndani ya gemu kulikuwa na kamtu kadogo kanakokimbia na kuruka mashimo. Njiani palikuwa na makabati, na ndani ya kila kabati nguo. Akivaa ya chura, aliruka hadi juu ya paa. Akivaa ya zimamoto, alipita katikati ya moto. Lakini alivaa moja tu kwa wakati, na kila nguo ilijua kazi moja tu. Akiwa zimamoto alisahau kabisa kuruka, hata shimo likiwa la upana wa kidole. Adui akimgusa, nguo ilidondoka, akabaki na fulana. Akiguswa tena na fulana yake, amekwisha. Sisi tuliiita Gemu ya Manguo.

Ayub aliichukia kwa moyo wote. "Nimesukuma betri mpaka kwa kinu," alikuwa akisema, "nakuja kukuta mtu amesahau kuruka sababu amevaa kofia. Hata kuku ukimfunga mguu anarukanga."

"Shida si gemu," Benja alimjibu. "Wewe unavaanga kwanza, kufikiria ni kesho."

"Na wewe unafikirianga mpaka betri inaisha."

Nikiwapima leo, naona wote walikuwa na haki. Ni kweli gemu ilikuwa na uonevu. Ilikupa nguo mahali ambapo haikufai na kukunyima mahali unapoihitaji. Na ni kweli pia kwamba Benja, akishika kishikio, alipita pale Ayub alipofia, kwa sababu alikuwa ameshajua kabati lijalo lina nini. Waligombana hata juu ya rangi, kwamba nguo ya mfalme ni nyekundu au ya kijani, na TV yenyewe haikuwahi kuonyesha rangi. Mama aliisifu kwa sababu iliwaweka vijana nyumbani. Senje Rael hakuipenda. "Nguo si ya kuchezea," alisema. "Nguo ya mtu ni mtu."

Ugomvi mkubwa kabisa ulikuwa wa nguo nyeupe. Ilikuwa ndefu, wazi mgongoni, bila kifungo. Yule mtu akiivaa alitembea polepole. Hakuruka, hakupiga, hakufanya lolote. Benja aliapa kwamba haiwezekani mtu akae chini ashone nguo isiyo na kazi, ni sisi hatujaijua. Ayub alisema kazi yake ni kukuua ukiwa umependeza.

Baba akaugua. Kifua, walisema. Miaka ile kulikuwa na magonjwa yaliyovalishwa majina ya magonjwa mengine. La Baba lilikuwa lipi sisemi, kwa sababu sikuambiwa, na sitaki kumsingizia mtu asiyeweza kujibu. Alipelekwa hospitali kule Mukumu akiwa amefungwa blanketi, na koti likabaki kwenye msumari wake. Nyumba ikaanza kunyamaza. Mama alikuwa wa kwenda na kurudi, na kila akirudi alikuwa na maneno machache zaidi. Benja akicheza alikuwa hachezi tena, alikuwa anatafuta. Alimvalisha yule mtu nguo nyeupe na kumtembeza polepole kila kona, akimgonganisha na kila ukuta. Ayub alikaa kando yake na hakubisha. Hilo lilinitisha kuliko kikohozi cha Baba.

Halafu jioni moja nikamsikia Mama akimwambia Senje jikoni: "Wamemvua zake zote. Wamemvalisha ile yao nyeupe, iko wazi nyuma, haina hata kifungo."

Nilijua gemu ile ikoje. Nilijua kinachompata mtu akiwa na nguo hiyo. Wakubwa walikuwa wanalia na kuomba, na hakuna aliyekuwa na wazo dogo kabisa la kumpelekea Baba koti lake.

Mama alipokwenda tena nilimsihi anichukue, na koti nikalikunja ndani ya kikapu, chini ya chupa ya uji. Tulimkuta Baba ameketi kwenye veranda ya wodi, juani. Nguo ilikuwa nyeupe kweli. Shingo yake ilitoka humo kama mti wa ufagio. Mama alikwenda kutafuta kikombe, na mimi nikatoa koti.

Nesi aliyekuwa akipita aliniambia kwa upole kwamba za nyumbani hazivaliwi pale. Simlaumu. Ilikuwa sheria, na aliisema kama mtu mwenye watoto. Baba alilichukua koti akalipitisha usoni, akavuta harufu yake. Nikamweleza yote kwa haraka kabla nesi hajarudi: kwamba alivae tu, kwamba aliyebaki bila nguo yake akiguswa mara moja amekwisha, kwamba hata hiyo nyeupe tunaijua.

Hakucheka. Alinisikiliza kama ninavyotamani kusikilizwa hadi leo. "Na hiyo nyeupe," akauliza, "kazi yake ni nini?"

Nikamwambia hakuna anayejua. Benja anasema ipo, Ayub anasema hakuna.

Akalilaza koti magotini. "Mwambie Benja aendelee kutafuta," alisema. "Na Ayub mwambie hajakosea."

Kisha akakunja koti vizuri, upande kwa upande, akaniwekea mikononi kwa mikono yake miwili. Mimi nina jina la marehemu mama yake, kwa hiyo siku zote aliniita Mama. "Hili ni lako, Mama. Nimekupa mimi mwenyewe. Ukisikia baridi uvae."

Nililia. Nilikuwa nimekwenda kumvalisha, naye ananirudishia. Mama alibaki kumwuguza, mimi nikapandishwa kwenye pikapu ya jirani wa kanisani iliyokuwa ikirudi mjini na kuendelea upande wetu. Iliponishusha njia panda mvua ilikuwa imeanza. Nikasikia baridi, nikavaa. Pindo likaburura matopeni na mikono ikaning'inia mitupu hadi magotini.

Hapa kwetu mtu akifia hospitalini, nguo zake hutangulia nyumbani. Anakuja mmoja mbele akiwa amezibeba, na hahitaji kusema neno. Mimi sikulijua jambo hilo. Senje Rael alikuwa kwenye lango lake akikinga maji ya paa. Aliliona koti likitokea mwisho wa miwa, bila mwenyewe, na ndani yake mtoto analia. Hakuuliza. Sufuria ilimdondoka, akashika kichwa kwa mikono miwili, na ile sauti ikatoka.

Sauti ile huwa haikai boma moja. Ilijibiwa ng'ambo ya mto, ikajibiwa nyuma ya kanisa, na watu wakaanza kutoka kwenye mvua wakikimbia. Benja alitoka nyumbani na kishikio cha gemu mkononi, waya ukimfuata chini. Alisimama nacho hivyo hivyo, akalitazama koti, akakaa chini kwenye maji.

Nilisema yuko hai. Nilisema tena na tena, nafikiri, au labda nilisema mara moja tu na mengine niliyasema moyoni. "Mtoto hajui, mwacheni," mama mmoja akasema, akanivuta kifuani. Na kwa sababu wakubwa wote walikuwa na hakika, hakika yangu mimi ikaanza kuyeyuka. Nikafikiri: alikuwa hai nilipomwacha, lakini koti nimeondoka nalo mimi, na baada ya hapo ameguswa. Nikataka kulivua, vifungo vikanishinda.

Ni Ayub aliyechuchumaa mbele yangu. "Ulimwacha akifanya nini?"

"Akingoja uji."

"Alisema kitu?"

"Alisema wewe hujakosea."

Ayub aliinuka. Kisha akachukua baiskeli iliyoegemezwa uani, sijui ya nani, na hakuaga mtu. Wakati huo kuni zilikuwa zimeshaletwa, unga umeshaletwa, majogoo wawili wameshachinjwa, na wanaume wanajadili mahali pa kuchimba. Tulikaa na kilio mpaka giza lilipoanza kuingia. Ndipo akarudi, matope hadi masikioni, akasimama katikati ya watu akihema.

"Yuko," alisema. "Amekaa kitandani. Ameniuliza mbona nimelowa."

Senje alikaa chini akaanza kucheka na kulia, na hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi.

Wale waliolia hawakukosea sana, walitangulia tu. Mahindi ya msimu ule hayakukauka kabla ya Baba kurudi nyumbani kwa namna ile nyingine. Siku ya kunyolewa, baada ya maziko, wazee walitandaza nguo zake kwenye mkeka ili zigawanywe, kama desturi ilivyo, na mdogo wake Baba akauliza koti liko wapi. Lilikuwa haki yake, na alikuwa mtu mwema. Senje Rael akasimama. "Koti halimo," alisema. "Alilitoa kwa mkono wake akiwa anapumua. Na kama kuna asiyejua, akumbuke siku niliyolililia bure." Watu wote walikumbuka. Walikuwepo. Kitu ambacho mtu amekitoa kwa mkono wake hakiwekwi kwenye mkeka.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba Baba pale verandani hakuwa anakataa msaada wangu. Alikuwa ameshajua nguo ile nyeupe ilikuwa inampeleka wapi, na akatumia nguvu iliyobaki kuhakikisha koti halitanipita. Sikuwa nimemvalisha, yeye ndiye aliyenivalisha. Benja hakuwahi kuipata kazi ya nguo nyeupe. Betri ilikufa mwaka uliofuata, na mpaka leo anasema alikuwa amekaribia. Ayub akisikia hivyo anatikisa kichwa: takataka ni takataka. Nimewasikiliza wote miaka hii yote na sijaweza kusema nani ameshinda.

Jioni ile ya kilio cha bure, watu hawakujua la kufanya na chakula. Unga haurudishwi kwa aliyeuleta, na jogoo aliyechinjwa hafufuki. Senje akasema tule, Mungu asituhesabie. Tulikula obusuma na ingokho, kuku wa matanga ya mtu aliye hai, tukiwa tumelowa, Benja upande wangu mmoja na Ayub upande wa pili. Firigisi kwetu ni ya mwenye nyumba. Mmoja wa wazee aliinyooshea mkono, Senje akamtazama, mkono ukarudi. Akaiweka kwenye bakuli, akaifunika kwa sahani, akaipandisha juu ya kabati ili asubuhi ipelekwe Mukumu.