Sauti ya Tatu Kando ya Mashamba ya Pamba

Vernell Tubbs hakuwa mwimbaji. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Orange Mound, Memphis, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, na ndiye aliyewashonea akina Marvaleens, kundi la waimbaji watatu wa kike, magauni ya jukwaani. Barabara za Mississippi alizikimbia kama moto. Kaka yake, Hosea, alizishika asubuhi moja mwaka 1951 kwenda kumwamkia shangazi yao, na tangu siku hiyo hakuna aliyerudisha hata kofia yake.

Ndiyo maana Agosti ya 1966, walipomtaka afuatane nao hadi Jackson, Mississippi, kwenye onyesho la mchana la kuuza albamu mpya, alikataa mara tatu.

"Vernell, shoga yangu," Claudine, mwimbaji mkuu, alimbembeleza, "gauni likinipasukia mgongoni mbele za watu nimwite nani? Ozell na gitaa lake?"

"Mwite. Si ana mikono miwili?"

Mwishowe akaenda. Jerlean, mwimbaji wa tatu, alikuwa kitandani na homa, kwa hiyo Claudine na mwenzake Tommie Ruth wangeimba wawili. Mpiga gitaa wao, Ozell Pettway, mtu mzima wa miaka hamsini, alishika usukani. Nyuma walipakia magauni, maboksi mawili ya santuri, na kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu, maana njia nzima hapakuwa na mkahawa ambao ungewapa watu weusi hata kiti.

Askari mzungu aliwasimamisha saa tano asubuhi. Kulia pamba, kushoto pamba, nyumba hakuna.

"We mtoto, shuka."

Ozell akashuka na kuweka viganja juu ya paa la gari kabla hajaambiwa. Askari akafungua nyuma, akapekua magauni, akafika kwenye maboksi.

"Mmeziiba wapi hizi?"

"Ni zetu, bwana mkubwa. Waimbaji wenyewe ndio hawa."

Askari akachomoa santuri moja. Aliitazama picha ya jalada, akamtazama Claudine, akamtazama Tommie Ruth. Kwa Vernell akakwama.

"Huyu siye."

Vernell alitazama kiuno cha yule askari. Kitako cha bastola kilikuwa cha mbao, kimeng'aa kwa kushikwashikwa. Alijiuliza kama Hosea naye alikitazama kitu kama kile, na kama jua lilikuwa kali vilevile.

"Alikuwa mgonjwa, bwana," Tommie Ruth alisema. "Amekonda tu."

"Basi imbeni. Wimbo wa kwanza humu. Nikisikia sauti mbili, mtakwenda kunieleza kituoni."

Wimbo huo Vernell aliujua. Alikuwa akishona huku mazoezi yote yakiendelea pembeni yake, na kila kipande kilikuwa kimemwingia pasipo kukiita. Lakini kuujua ni kitu kimoja, kuuimba ni kingine. Claudine alianza, Tommie Ruth akamfuata, kiitikio kikakaribia, na Vernell akaona mate yamemkauka na ulimi umekuwa kama pamba. Claudine akamfinya kidole. Sauti ikatoka, nyembamba, yenye kukwaruza, ikashika nafasi yake.

Ulikuwa wimbo wa mwanamke anayemsihi mpenzi wake arudi nyumbani. Wakaufikisha mwisho. Askari akawa anaitazama tu santuri, nao hawakujua kama wameruhusiwa kunyamaza, basi wakauanza upya. Jasho lilimtiririka Vernell miguuni hadi ndani ya viatu. Walikuwa katika ubeti wa pili wakati askari alipoinua mkono.

"Binti yangu anao huu," alisema. "Anaupiga kutwa, mama yake anamfokea mpaka basi!"

Akacheka. Nao wakacheka, Ozell pia, viganja vyake bado juu ya lile bati la moto.

Kisha askari akachukua santuri mbili na kutaka zitiwe saini. Vernell alipewa kalamu aandike jina la Jerlean. Lilikuwa limechapwa kwenye jalada, palepale chini ya pua yake, lakini hakuthubutu kulitazama, asije akaonekana ananakili jina lake mwenyewe. Akaandika alichoandika. Askari hakukisoma.

Aliwafuata maili kumi na moja, taratibu, hadi mpaka wa wilaya yake. Ndani ya gari hakuna aliyegeuka nyuma wala aliyekohoa. Walipoachwa, Ozell alisimamisha gari, akashuka, akatapika.

Huko Jackson, Vernell alijichoma sindano mara mbili akishikiza zipu ya gauni la Claudine.

"Uliimba vizuri kule," Claudine alimwambia. "Njoo usimame nasi leo."

"Sikuimba, Claudine. Nilikuwa naomba nisife."

Walilala kwa mchungaji mmoja, na kesho yake Vernell akakataa katakata kurudi njia ile. Wakazunguka Alabama, siku nzima, na hakuna aliyemnung'unikia.

Aliendelea kuwashonea mpaka kundi lilipovunjika mwaka 1972, ila nje ya Memphis hakutoka tena. Wimbo ule ulivuma. Ulipigwa harusini, ulipigwa kwenye redio ya duka lake la ushonaji, na wateja waliuitikia huku macho wameyafumba kwa raha. Vernell hakuwahi kuizima redio. Alikanyaga tu cherehani kwa kasi zaidi, hadi utangulizi ukapita, ubeti ukapita, na kiitikio kikazama katika mlio wa sindano.