Asubuhi Niliyokunja Shuka

Shuka nilizoanua leo zinanukia maua kwa sababu ya sabuni mpya, na mikono imezikunja yenyewe, pembe kwa pembe, kama nilivyofundishwa utotoni.

Kwaya yetu ya watoto ilizunguka nchi za nje miezi kadhaa. Kila baada ya siku mbili tulihamia kwa familia nyingine, na kila mwenye nyumba aliniambia nimwite Mama. Mwalimu wa kwaya alitupa sheria ya kuondoka: toa shuka kitandani, zikunje, kaa mlangoni na begi lako ungoje basi, na usisahau kushukuru.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi nyumbani kwetu, mtaa wa Huruma, niliamka mapema. Ndugu zangu wawili walikuwa bado wamelalia shuka, nikaivuta polepole kutoka chini yao. Nikaikunja vizuri, kisha nikaenda kukalia begi langu mlangoni.

Mama aliingia na mtungi wa maji, akanikuta hapo. "Wewe, unangoja nani?"

Nikasimama, nikampa mkono. "Asante kwa kunikaribisha nyumbani kwako, Mama."

Nilidhani atacheka. Aliweka mtungi chini, akapangusa kiganja kwenye leso, akaushika mkono wangu.

"Na hao wengine, ukiwaambia hivyo, walikuwa wanakuachilia tu?"

"Ndiyo."

Hakuniachilia. Akabaki ameushika mkono, nami nikabaki nimetega sikio, nikisikiliza kama basi limefika.