Jibu la Papa kwenye Redio ya Taifa

Betri zikianikwa juani hutoa harufu ya chuma na dawa. Juma lililopita mlinzi wa nyumba ninayopanga hapa Nyalukemba alizipanga zake juu ya ukuta, akawa anazigeuza kama anachoma mahindi, ili zipate nguvu za kusikiliza mpira jioni. Nilikuwa na funguo mkononi, nimechelewa kazini. Harufu ile ikanirudisha kwenye umri wa miaka saba, katika ua wetu wa Kadutu, nikilinda betri za mama yangu zisiibwe na watoto wa majirani. Msinihurumie mapema, wasomaji wangu. Kuna mahali pa kuchekea pia.

Nianze na redio yenyewe. Siku hizo kwetu redio ilikuwa moja tu, ya taifa, na kituo chake cha jimbo kilikuwa hapa hapa Bukavu. Wazee walisema ilianza enzi za Wabelgiji. Nchi ilipobadili jina, redio nayo ilibadili lake. Wimbo wa taifa ulipobadilika, redio ilijifunza mwingine. Kila mwenye bunduki aliyeuteka mji alikimbilia kwanza kituoni, akatuambia tutulie, nasi tukatulia. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyegusa matangazo ya watu: vifo, ndoa, vitambulisho vilivyopotea, mbuzi waliookotwa. Yalisomwa asubuhi, mchana na jioni, kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili. Mtu akifa mjini, ndugu zake wa Idjwi waliyasikia wakapanda mtumbwi, na wale wa Kavumu wakashika njia. Marehemu ambaye redio haijamtaja, kwetu alihesabiwa bado anaumwa.

Mama yangu alizaliwa Idjwi na aliuza mananasi ya huko sokoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyochanwachanwa na majani ya nanasi, na mkaidi kuliko mbuzi. Tulipanga chumba kimoja katika ua wenye vyumba vingi. Kila Alhamisi, giza likianza kuingia, papa yangu, kama kwetu tunavyomwita baba, alikuja.

Papa alikuwa Bwana Byamungu, mkuu wa ofisi moja ya serikali kule Ibanda. Aliimba katika kwaya ya parokia, alikuwa mume wa ndoa ya kanisa wa mwanamke mwingine, na papa wa watoto waliovaa soksi nyeupe. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua kwamba ananukia peremende, kwamba akivua koti lake naruhusiwa kulivaa mpaka linaburuzika sakafuni, na kwamba anaweza kunifundisha sauti ya pili ya wimbo wowote huku mama akipika. Nilimpenda sana. Ndani ya chumba nilimwita Papa. Nje ya mlango niliagizwa nimwite Tonton, yaani mjomba, nami sikuuliza kwa nini. Nilidhani kila papa ana jina la ndani na jina la nje, kama vile watu walivyo na viatu vya kanisani na kandambili.

Majirani walipomuuliza anakuja kufanya nini, aliwajibu kwa upole kwamba parokia imemtuma kutembelea wajane. Walimwamini. Mwanakwaya mwenye tai atadanganyaje? Mwongo akawa mama yangu, muuza mananasi, aliyekuwa akisema wazi kwamba mtoto wake ana baba na baba mwenyewe ni huyo. Mkali wao wote alikuwa Maman Chantal, wa chumba kilichotazamana na chetu, aliyesoma sekondari miaka michache na hakukubali tusahau.

"Weye muko mujane ya nani?" alimwuliza mama yangu penye bomba, ndoo za watu wote zikisubiri. "Papa ya Furaha ni upepo. Ulitega tumbo ku mulango, upepo ikaingia."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Hakuna aliyemsaidia mama kujitwika ndoo yake. Alipougua malaria mwaka huo, hakuna aliyebisha hodi kwetu na uji. Mwanamke anayemsingizia mtu wa Mungu mtoto hapelekewi uji. Mama alimwomba papa aje siku moja mchana, akae nasi uani, anywe chai mbele ya watu, basi. Nilikuwa kitandani nikijifanya nimelala. Papa alisema atafikiri. Alifikiri Alhamisi nyingi. Mama akaacha kuomba, akawa anasema tu, huku akimenya viazi: "Aliye juu, tutamungojea chini."

Sasa, redio ya taifa ilikuwa na kipindi cha watoto, kila Jumatano alasiri. Kiliongozwa na mtangazaji tuliyemwita Tonton Désiré, na kilikwenda hewani moja kwa moja. Watoto walipanga foleni kituoni, wakaingizwa makundi kwa makundi, wakaimba au wakasoma shairi, halafu kila mmoja akasalimia watu wake. Unataja jina lako, shule yako, papa yako na kazi yake, mama yako, na wote wanaokujua. Mtoto aliyesalimia redioni alitembea mtaani wiki nzima akiwa na shingo ndefu. Mimi nilikuwa nimelia mara nyingi nikitaka kwenda, na mama alikuwa amekataa mara zote.

Siku moja akakubali bila kuombwa. Alinishonea gauni la manjano. Jioni mbili tatu mfululizo alinisimamisha mbele yake, akanishikisha mwiko wa ugali uwe maikrofoni, nikarudia salamu yangu neno kwa neno. Nikikosea, alinianzisha upya. Hakunipiga wala hakunifokea, na alinipa vipande vya nanasi nilipomaliza vizuri. Sikumbuki wakati mwingine wowote mama yangu alionipa muda mrefu hivyo.

Chumba cha studio kilikuwa na baridi na zulia ukutani, jambo lililonishangaza, kwa sababu zulia nililolijua lilikuwa la kukanyagwa, kwa mapadri. Tonton Désiré alinipandisha juu ya kiti. Nami nikasema, kwa sauti ile ambayo papa mwenyewe alikuwa ameifundisha kuimba:

"Miye naitwa Furaha Nsimire. Niko mu mwaka ya pili. Ninasalimia Papa yangu Byamungu, chef ya bureau kule Ibanda, mwenye kuimbaka mu kwaya. Ninamwambia asante juu ya kuya kutuonaka kila jeudi. Ninasalimia Maman yangu, na bote benye kunijua."

Nyuma ya kioo fundi mitambo alishika mdomo wake. Tonton Désiré alikohoa, akanishusha haraka kwenye kiti, akaweka wimbo. Nilitoka nje nikaona mama amesimama kwenye geti na kiredio chake kifuani. Alinipa mkono. Tulirudi Kadutu kwa miguu na aliniacha nitembee mbele yake, kama mtu anayepeleka bibi harusi.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilisukwa nywele, nikaoga, nikakaa mlangoni na wimbo mpya niliotaka kumwonyesha. Papa hakuja. Mama alisema labda kazi ni nyingi. Alhamisi iliyofuata nilikaa tena. Mama hakuonekana kungoja; alikuwa anasikiliza redio. Alisikiliza matangazo ya asubuhi kabla ya kwenda sokoni, akarudi mchana kuyasikiliza, akayasikiliza jioni, na mimi nikawa mwanika betri mkuu wa nyumba, kazi ambayo hapo nyuma hakuwahi kuniamini nayo.

Jibu lilikuja Jumatatu, mchana. Mama alikuwa ametoa kiti nje, redio ikiwa mapajani. Maman Chantal alikuwa anafua, na wanawake wengine wawili wanachambua mchele. Sauti ya kituo ikasoma kwa Kifaransa kifo cha mzee mmoja wa Kavumu. Halafu, kwa sauti ile ile, nikasikia jina la papa. Na baada ya jina la papa, katika sentensi hiyo hiyo, jina langu lote, Furaha Nsimire, limetamkwa vizuri, bila haraka.

Kifaransa nilikuwa sijakijua bado, kwa maana darasa la pili tulisoma kwa Kiswahili. Lakini majina hayana lugha. Niliruka. Nilizunguka ua mzima nikipiga makofi na kupiga kelele: "Papa amenisalimia! Papa amenirudishia salamu!"

Maman Chantal, aliyekijua Kifaransa, aliacha kufua. Angeweza kunishika mkono. Alikausha mikono kwenye kitenge chake, akanitazama kwa utulivu, akasema, "Cheza, mutoto. Cheza muzuri." Na mimi nikacheza. Wale wawili wa mchele, ambao hawakuelewa zaidi yangu, walinipigia makofi.

Kisha Kiswahili kikaanza. Mzee wa Kavumu alikufa mara ya pili. Halafu: Bwana Byamungu, mkuu wa ofisi, anajulisha ndugu, marafiki na watu wote kwamba hana mtoto anayeitwa Furaha Nsimire, kwamba hamjui mama yake, na kwamba yeyote atakayetumia tena jina lake atafuatwa na sheria. Baada yetu palikuwa na kitambulisho kilichopotea kwenye soko. Aliyekiokota aliombwa akirudishe.

Nilikuwa bado nimeinua mkono mmoja. Nilimtazama mama. Kitu ambacho nakumbuka kuliko vyote ni kwamba aliongeza sauti.

Nililia. Nililia mpaka nikatapika, na hakuna aliyenigusa, kwa sababu uani palikuwa na jambo kubwa zaidi ya mimi. Maman Chantal alisimama katikati, povu bado kwenye viwiko, akasema polepole:

"Ah bon. Kumbe njo yeye kabisa."

"Namna gani?" mmoja wa wale wa mchele akauliza. "Si amekataa?"

"Njo ile! Mutu hakanake mutoto ya upepo. Kama hakukuwa kitu, angecheka, akaenda kukula. Huyu amelipa redio ya Leta, ya serikali nzima, juu ya katoto ka Kadutu? Lisemwalo lipo, ba maman."

Tangazo lilisomwa tena jioni, na tena asubuhi iliyofuata, na kila liliposomwa papa yangu alizidi kuwa papa yangu machoni pa watu. Jioni ile wanawake walikuja kwetu. Walikuja na viti vyao. Mama alichemsha chai, akaweka sukari bila kubana mkono, na kwa mara ya kwanza nikawaona wamejaa chumbani kwetu, wakimcheka Byamungu na parokia yake na wajane wake. Maman Chantal mwenyewe alimwita mama "dada". Kesho yake penye bomba watu wawili waligombania kumtwisha ndoo. Mimi nilipewa jina la Mutoto ya Redio, likanikaa mpaka sekondari. Waliniita hivyo kwa mapenzi, naapa, na kila walipoliita nilitamani ardhi ipasuke.

Papa hakuja tena. Nilikutana naye mara moja, karibu na kanisa kuu, nikiwa na miaka kumi na kitu. Alikuwa na watoto wake. Alinitambua, nina hakika, kwa kuwa alivuka barabara bila kutazama magari.

Kwa miaka mingi nilimchukia yeye, nikamchukia mtangazaji, nikaichukia redio nzima na taifa lake. Mama nilimhurumia. Nilimwona kama mwanamke aliyenitafutia heshima kwa njia ya mtu asiyesoma, ikamgeukia. Nilipoanza kazi nilimlipia kodi, nikamnunulia godoro zuri, nikamtoa Kadutu nikamleta kwangu. Tulikuwa watu wawili tuliopigwa kofi moja, hivyo ndivyo nilivyodhani.

Mwaka jana Byamungu alikufa. Redio ilimtangaza, ikataja watoto wake wote wa soksi nyeupe, na wajukuu. Tulikuwa barazani tunachambua maharagwe. Machozi yalinitoka, sikuyategemea, na mama akaudhika.

"Unamulilia nini? Ule alikukana."

"Maman," nikamwambia, "siku ile ulinituma ku redio, ulijua atanikana?"

Hakusimamisha mikono. Alitupa jiwe dogo nje ya ungo.

"Nilijua. Byamungu nilimujua ndani na inje. Nilikuwa nahitaji anikane na kinywa yake, watu bote basikie. Kama angenyamaza, mupaka leo ningekuwa mongo."

"Na miye, Maman?"

"Weye ulikuwa mutoto," alisema. "Mutoto anasahauka mambo."

Alisema bila ubaya, kama unavyomwambia mtu bei ya nanasi. Ndipo nikaelewa ile chai, ile sukari, na kwa nini aliongeza sauti. Tangazo lilisema papa hamjui mtoto wala mama yake, nami nilikuwa nimeamini tumekanwa wawili. Mama yangu siku ile alishinda. Aliyekanwa nilikuwa mimi peke yangu, na aliyeninyooshea gauni kabla ya kunipeleka alikuwa yeye.

Nilitaka kupindua ungo. Nilitaka kumrudisha Kadutu na godoro lake. Yeye alinyoosha mkono wake mzee, ule wenye makovu ya mananasi, akachota maharagwe machafu kutoka upande wangu akayaongeza kwenye fungu lake, maana aliona nimeacha kuchambua. Nikafuta macho kwa kitenge. Mchana tulikula pamoja.